Damaris wa Pembeni Kulia

Siku wazee wa ukoo wa Nsajigwa walipofika kwa mzee Zebedayo, binti yake Damaris hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye uwanja wa misheni, mwendo mfupi kutoka Matema, akirusha mpira langoni mara baada ya mara, na Mwalimu Asheri alikuwa nyuma ya goli akiuokota kila ulipopita.

"Tena," Asheri alisema, akamrudishia.

"Mwalimu, mkono umechoka."

"Haujachoka. Ni wewe unayefikiria ugali."

Damaris aliinamisha uso ili asionekane akitabasamu. Wenzake walikuwa wameshakwenda kuchota maji. Walibaki wao wawili, na Sista Hedwiga aliyeketi barazani akishona mpira wa akiba, akiinua macho kila mara kuhakikisha kwamba yule mwalimu kijana na yule binti mkubwa wako mbalimbali kwa kadiri inavyofaa.

Ilikuwa Julai, mwaka 1939. Mchezo ule wa mpira wa mikono Sista aliuleta kutoka kwao Ujerumani, na wasichana wa pale ziwani wakaupenda kuliko ushonaji. Goli lilikuwa la mianzi. Mbele yake Sista alichora nusu duara kwa majivu, na hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga ndani yake ila mlinda lango. Ukitaka kufunga, urushe ukiwa nje ya majivu, au uruke juu yake na mpira ukutoke mkononi kabla miguu haijagusa chini.

Tangu mwanzo Damaris aliwekwa pembeni kushoto. Alikuwa mwepesi, na alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo Sista aliona hapo ndipo pake. Sista mwenyewe enzi za ujana wake alikuwa mlinda lango. Mambo ya washambuliaji hakuyajua sana. Miezi mitatu mizima mipira ya Damaris ilipiga mwanzi au kifua cha mlinda lango, mpaka wenzake wakaacha kumpasia.

Asheri ndiye aliyemkuta analia nyuma ya darasa.

"Nani amekuambia huwezi?"

"Mpira wenyewe umeniambia."

"Njoo." Alimpeleka uwanjani, akamsimamisha kwenye kona ya kushoto. "Unaona nini?"

"Goli."

"Goli zima?"

Damaris alitazama vizuri. "Hapana. Naona ufa. Kama mlango ulioegeshwa."

"Sasa sikiliza. Angetile anacheza katikati. Yeye goli analiona lote, lakini mbele yake kuna walinzi watatu wameinua mikono. Anahitaji nguvu, arushe kwa mbali kupita vichwa vyao. Anyisile anasimama katikati ya walinzi hao hao, ameligeuzia goli mgongo. Kazi yake ni kudaka na kugeuka kabla hawajamshika. Wewe wa pembeni walinzi huna wengi, ila goli ndilo huna. Sharti uruke kuelekea ndani ili ule ufa upanuke. Haya, ruka. Mkono wako uko wapi?"

Aliruka. Mkono wa kushoto ulibaki upande wa nje, mbali na goli.

"Uko nje," alisema polepole.

"Njoo kulia."

Kwenye kona ya kulia aliruka tena. Safari hii mkono wa kushoto ulikuwa upande wa ndani, na lango likafunguka machoni pake kama mtu amesukuma mlango. Mpira ukapita katikati ya mianzi, ukaenda kusimama kwenye nyasi.

Toka utotoni Damaris alikuwa akichapwa kwa ajili ya mkono ule. Bibi yake aliufunga kwa maganda ya mgomba wakati wa kula, maana kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana. Asheri alikuwa mtu wa kwanza kuutazama mkono huo kana kwamba ni mali. Damaris alirudi nyumbani siku ile akiwa ameushika kwa mkono wa pili, kifuani, na kabla hajafika alishajua kwamba anampenda.

Hayo yalikuwa ya Machi. Sasa ilikuwa Julai, na jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili wa ziwa alipoingia uani kwao.

Mama yake, Yunis, alikuwa ameketi chini akisugua chungu kibichi kwa kokoto, akiuzunguka udongo taratibu mpaka ung'ae. Mgongoni alimbeba Keziya, mtoto wa miezi mitano, amelala mdomo wazi.

"Ndaga, mama," Damaris alisalimu.

Yunis aliendelea kusugua mahali palipokwisha kung'aa.

"Wamekuja watu wa Ikolo," alisema.

"Kumwona mtoto?"

"Mtoto wamemwona."

Damaris alisimama. Keziya alikuwa mtoto wa dada yake, Asegelile, aliyeolewa Ikolo na mkulima wa mpunga aitwaye Nsajigwa. Asegelile alifariki Februari, siku ile ile aliyomzaa mtoto huyo. Watu wa Nsajigwa hawakuwa na mwanamke mwenye uwezo wa kumlea, wakamwacha kwa bibi yake Matema, akue kwa uji na maziwa ya ng'ombe.

"Wanataka nini, mama?"

"Wanataka ushike nafasi ya dada yako."

Chungu kilikuwa kimekamilika, lakini Yunis alikigeuza akaanza upya. Damaris alipiga magoti mbele yake.

"Baba amesemaje?"

"Amesema hatampa mtu jibu kabla hajakuuliza wewe. Lakini tusidanganyane, mwanangu. Mtoto huyu ni wao. Wakisikia hutaki, Nsajigwa ataoa kwingine, na Keziya atakwenda kulelewa na mwanamke asiyemjua mama yake hata kwa sura."

"Mama, mimi nina mtu."

"Najua."

"Unajua?"

"Wenzako wanarudi wameshakoga, wewe kila siku unarudi na majivu miguuni. Nisijue nini?" Yunis aliweka kokoto chini. Macho yake yalikuwa mekundu tangu zamani, si kwa maneno ya siku ile tu. "Mwambie aje. Aje mchana, aje na mkubwa wake, apite mbele ya watu. Pengine baba yako atasikia."

Asheri alikuja baada ya siku mbili, na mjomba wake Lameck, wote wamevaa makoti licha ya joto. Damaris na mama yake walikaa jikoni, ambako kila neno la barazani lilisikika.

Mzee Zebedayo alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliwakaribisha viti, akauliza habari za njiani, akauliza maji ya Mto Songwe yamefika wapi mwaka huu. Kisha akamgeukia Asheri.

"Wewe ni mtoto wa Asajile wa Kasumulu. Yule anayevuka mto na vitambaa."

"Ndiye baba yangu, mzee."

"Ana wake wawili."

"Ndiyo. Mmoja upande huu, mmoja ng'ambo."

"Mmoja anaswali, mwingine anaimba kwaya."

Mjomba Lameck alikohoa. "Mzee mwenzangu, kijana huyu alibatizwa akiwa mdogo kabisa. Sista wenu ndiye aliyemwajiri."

"Simlaumu," Zebedayo alisema. "Mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa. Ungekuja mwaka jana, kijana, tungebishana juu ya hayo, na labda ungenishinda. Lakini umekuja mwaka huu."

"Mzee, Damaris ananitaka."

"Ameniambia. Ameniambia bila kuficha, na mimi nimemsikia." Jikoni Yunis aliufumba mkono wa Damaris ndani ya wake. "Nilimzika mwanangu Februari. Kaburi lake liko Ikolo. Hata kaburi sina hapa nyumbani la kulifagia. Nina yule mtoto tu. Kila asubuhi mke wangu anaamka kwa sababu mtoto huyo analia, na kama asingelia sijui angeamka kwa sababu gani. Sasa niambie, Mwalimu, wewe uliyesoma. Siku watakapokuja kumfungua mgongoni mwake, nimwambie mke wangu nini?"

Kupitia nyufa za ukuta wa matete Damaris aliona shingo ya Asheri imeinama, na kola ya shati iliyofuliwa mno mpaka ikaanza kuchanika. Alitamani aende akaishone palepale.

"Damaris simlazimishi," Zebedayo aliendelea, na sasa sauti yake ilianza kukwaruza. "Nimemwambia achague mwenyewe. Akienda na wewe sitamlaani. Lakini kwa mdomo wangu mimi siwezi kusema ndiyo. Nisamehe."

Walipoondoka, Asheri alitazama upande wa jikoni mara moja. Hakuona kitu, lakini alitazama kwa muda mrefu, mpaka mjomba wake akamgusa bega.

Jumamosi iliyofuata wasichana wa misheni ya mlimani waliteremka kucheza mechi. Walitembea siku nzima kushuka, miguu yao ilikuwa na vumbi jekundu, na walikuwa warefu kuliko wa ziwani. Watu walijaa pande zote za uwanja. Yunis alikuja na Keziya, na kando yake alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, kofia mkononi. Damaris alimtambua. Ni Nsajigwa.

Alijaribu asitazame upande ule. Alijaribu pia asitazame upande wa Asheri, aliyesimama karibu na Sista. Kwa hiyo alibaki na mpira tu, na kwa nusu ya kwanza mpira ulimtosha. Alifunga matatu kutoka kona yake ya kulia. Kila mara alikimbia kwa hatua tatu, akaruka juu ya majivu kuelekea ndani, akasubiri angani mpaka mlinda lango asogee, kisha akaachia.

Wa mlimani hawakuwa wajinga. Kipindi cha pili walimwekea walinzi wawili, mmoja akimsukuma nje mpaka ufa wa lango ukawa si ufa tena. Mara Angetile, mchezaji wa katikati, akaanguka akiwa ameshika kifundo cha mguu.

"Damaris! Katikati!" Sista aliita.

Akaenda. Kwa mara ya kwanza akaliona goli lote, mwanzi hadi mwanzi, likiwa pana kama mlango wa kanisa. Lakini mbele yake ilisimama safu ya mikono. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia wala pa kurukia. Alirusha, mkono ukauzuia. Alirusha tena, ukazuiwa tena, na wa mlimani wakaondoka nao wakafunga. Sita kwa sita.

Damaris alimsikia Asheri akisema na Sista kwa haraka. "Mrudishe pembeni, Sista."

"Na katikati nani?"

"Anyisile atoke ukingoni mwa majivu aje katikati. Walinzi wamezoea kumshika, watamfuata. Upande wa kulia utabaki wazi."

Sista alisita, halafu akapunga mkono.

Ikawa hivyo. Anyisile alitoka alikokuwa, akapokea mpira mbali, akauinua juu kama anayetaka kurusha kwa nguvu zake zote, na walinzi watatu wakamrukia. Mpira ukapita chini ya makwapa yao, ukaja kulia. Damaris alikuwa ameshaanza kukimbia. Hatua moja, ya pili, ya tatu, kisha ardhi ikamwacha. Mlinda lango alitoka kumkabili mikono juu. Damaris alisubiri. Alisubiri mpaka akahisi anaanza kushuka, ndipo akaupiga mpira chini, karibu na mguu wa yule binti, ukadunda, ukaingia.

Firimbi ikapulizwa. Wasichana wakamvamia, wakamwinua. Kutoka juu ya mabega yao alimtafuta Asheri, akamwona. Hakuwa akipiga makofi. Alikuwa amesimama na mikono imelegea, akimtazama kama mtu anayetaka kukariri kitu ambacho hatakiona tena.

Walipomshusha, Nsajigwa alikuwa mbele yake.

"Ndaga, shemeji."

"Ndaga."

"Asegelile aliniambia una mbio. Sikujua ni namna hii." Aliizungusha kofia mikononi. "Nina neno moja, halafu nitaondoka. Wale wazee sikuwatuma. Walikuja wenyewe, na mimi nikashindwa kuwazuia. Usiponitaka sitakasirika. Nitamchukua Keziya, mama yangu atamlea. Haoni vizuri, lakini atajaribu."

Damaris alitamani Nsajigwa awe mtu mbaya. Alitamani aseme neno la kiburi, amtazame kwa tamaa, amdai kitu. Lakini Nsajigwa alivaa kofia, akaenda kumsalimu mwanawe, akimgusa shavuni kwa kidole kimoja kama anayeogopa kumvunja.

Jumapili baada ya ibada, wakati watu wamesimama nje wakisalimiana, Damaris aliteremka kwenye kijito ambako mama yake huchimba udongo. Asheri alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, na alipomwona alisimama haraka mno.

"Kesho saa nne mtumbwi wa mjomba unakwenda mdomoni mwa Songwe," alisema hata kabla ya salamu. "Twende, Damaris. Mama mdogo yuko Karonga, atakupokea. Kuna shule inatafuta mwalimu. Tutafunga ndoa kanisani, tutamwandikia baba yako. Amesema hatakulaani. Mimi mwenyewe nilimsikia."

"Na Keziya?"

"Tumchukue."

"Asheri, mtoto si kapu. Ni wa Nsajigwa. Nimwibie mtu mwanawe, mtu aliyenisemesha vizuri vile?"

"Basi mwache!"

Neno lilitoka, wakabaki wakilitazama wote wawili. Asheri alifunika uso kwa viganja.

"Sikuwa na maana hiyo."

"Ulikuwa nayo, na sikulaumu. Hata mimi nimeiwaza. Nimetuona tuko Karonga, tumeshakula, wewe unasahihisha madaftari, mimi nashona hiyo kola yako. Nilifurahi, Asheri. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Halafu Keziya akalia, mama akaamka kumpa uji, na alivyokuwa akimbembeleza alikuwa akimwita Asegelile. Hajui kama anamwita hivyo. Kila siku anamwita hivyo."

Maji ya kijito yalipita kati ya miguu yao. Juu yao milima ilikuwa imesimama wima, na kengele ya kanisa iligonga mara moja, pengine mtu aliigusa bahati mbaya.

"Unampenda yule bwana?" Asheri aliuliza.

"Hapana."

"Utaishi naye vipi?"

"Sijui. Watu wanaishi."

"Na mimi nitaishi vipi?" Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelezwa njia. "Uwanja ule nitauangaliaje? Nitamwambia nani aje kulia?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Usinifanye nikuonee huruma. Nikikuonea huruma nitapanda huo mtumbwi."

"Basi nionee," alisema.

Damaris alimfunika mdomo kwa mkono. Alihisi pumzi yake, ya moto, na machozi yake yakimshukia kwenye vidole. Waliwahi kugusana mikono mara mbili tu tangu wajuane, na mara zote mbili mpira ulikuwa kati yao. Alikaa hivyo kwa muda ambao baadaye, maisha yake yote, hakuweza kuukadiria. Kisha akauondoa mkono.

"Nenda wewe kwanza," Asheri alisema.

"Hapana. Wewe ndiye uende. Mimi nikitangulia nitageuka."

Akaenda. Hakuinua mabega, hakukimbia. Alipanda ukingo wa kijito, akashika njia ya misheni, na Damaris alibaki kwenye udongo mpaka aliposikia mama yake anamwita.

Alifunga ndoa na Nsajigwa mwezi wa Agosti, kanisa lilelile. Sista Hedwiga aliwashonea wasichana magauni meupe ya kumsindikiza, na Anyisile alilia kuliko bibi harusi. Mwezi uliofuata habari za vita zilifika ziwani, na Sista akachukuliwa pamoja na Wajerumani wengine. Hakuna aliyechora tena nusu duara. Mvua zilipoanza, nyasi zilipanda mpaka katikati ya goli, na mtu mmoja akang'oa mianzi akajengea zizi la mbuzi.

Asheri alivuka Songwe siku ile ile aliyosema, saa nne, peke yake.

Nsajigwa alikuwa mpole vile vile alivyoonekana. Hakumpiga Damaris, hakumfokea, wala hakumuuliza alikuwa anawaza nini pale alipokuwa akisimama shambani na jembe mkononi bila kulima. Jioni walikula pamoja. Jumapili walikwenda kanisani. Yunis alikuja kuwatembelea kila mwezi, akakaa siku tatu na mjukuu wake, akalifagia kaburi la Asegelile. Keziya alianza kutambaa, akaanza kusimama akishikilia chungu, na siku moja ya Mei, mpunga ukiwa umeiva, alimtazama Damaris akasema, "Mama." Damaris aliingia ndani akafunga mlango. Alikuwa amelipata alilolichagua, na bado alilia mpaka akakosa sauti.

Juni ile alipita mchuuzi mmoja, mwanamke mnene aitwaye Neli, aliyekuwa akivuka mpaka wa Kasumulu na vitenge na chumvi. Damaris alikuwa anapepeta mpunga uani. Neli alitua kapu, akaomba maji, akanywa, akaomba tena, na macho yake hayakuondoka usoni mwa mwenyeji wake.

"Mama Keziya," alisema mwishowe, "mimi si mtu wa kuficha. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Kuna mwalimu kule Karonga. Ananunua chumvi kwangu hata kama anayo. Aliniambia, ukipita Ikolo umtazame Damaris. Usimwambie neno, umtazame tu, halafu uje unieleze umemkuta yukoje. Nimeshindwa kunyamaza. Nisamehe."

Ungo ulisimama mikononi mwa Damaris.

"Ameoa?"

"Hajaoa. Mama yake mdogo amemletea mabinti watatu, wazuri kweli. Anasema ana mtu." Neli alishusha sauti. "Sasa nikamwambie nimekukuta vipi, mwanangu?"

Damaris alitazama mikono yake iliyojaa pumba. Mle ndani Keziya alikuwa anajizungumzia peke yake. Nsajigwa alisikika kwa mbali shambani, akiwafukuza ndege. Angeweza kusema kweli. Kwa neno moja tu, yule mtu ng'ambo ya mto angeendelea kungoja, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka mvi zimtoke, na yeye Damaris angekuwa na mahali pa kupeleka mawazo yake kila jioni. Alilitaka neno hilo. Lilikuwa limeshafika ulimini.

"Mwambie umenikuta nacheka," alisema.

"Lakini hucheki, mama Keziya. Tangu nimeingia hapa hujacheka."

"Mwambie hivyo hivyo. Mwambie nina mtoto ananiita mama, na mume mwema, na umenikuta uani nacheka. Mwambie aoe."

"Nitakwenda kumwambia uongo?" Neli alitikisa kichwa. "Yule mtu ananitazama machoni ninapozungumza. Atanijua."

Damaris aliweka ungo chini. Alifuta uso kwa kitenge, akasimama sawasawa, akamtazama yule mwanamke. Akacheka. Mwanzoni sauti ilikataa, ikatoka kama kikohozi. Akaanza tena, kwa nguvu zaidi, kichwa kimeinuliwa, meno yote nje, akacheka mpaka kuku wakatawanyika na Keziya akachungulia mlangoni. Alicheka kwa muda mrefu, ili pasiwe na shaka.

Neli alingoja mpaka amalize. Kisha akainama, akajitwika kapu lake.

"Haya," alisema taratibu. "Nimekuona."